Miiba Langoni mwa Josho

Kwa miaka mitatu mtu huyu aliniamkia, nami sikumwitikia. Andika hilo kwanza, mjukuu wangu, kabla hujaandika kama alikuwa mrefu au mfupi. Alisimama kando ya njia, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, mama," nami nikapita na mzigo wangu wa majani ya ng'ombe kana kwamba hapakuwa na mtu. Huku kwetu Hanang mtoto asiyeamkia wakubwa hukemewa na kijiji kizima. Mkubwa asiyeitikia hakemewi na yeyote. Nililijua hilo, na ndiyo sababu nilifanya.

Tulimwita Bwana Mifugo, kwa kuwa serikali ilimleta kwa kazi hiyo. Jina lake nalijua. Nililitaja mara moja mbele ya watu kwa namna isiyofaa, na sitalitaja tena. Alitoka mkoa mwingine, alikuwa Mwislamu kati yetu sisi wa kanisani, na nilimzidi umri kwa miaka kumi hivi. Ukoo wake sikuuliza. Lugha yetu aliijua ya ng'ombe tu: anakula, anaharisha, mfungeni, mwachieni. Mengine yote aliyasema kwa Kiswahili, na kwa hiyo nakusimulia kwa Kiswahili, ingawa ulimi wangu ni mzito. Nikiyahamishia kwenye lugha ya nyumbani nitayalainisha, na sitaki kuyalainisha. Wewe nawe usinitafutie maneno mazuri ya shuleni. Andika ninavyosema.

Mtu huyu alimsikiliza mama yako wakati ambapo mimi sikutaka asikilizwe na mtu yeyote. Hilo ndilo shina la habari hii. Mama yako alikuwa na miaka kumi na minne, na alikuwa amebeba jambo ambalo mimi nilimbebesha.

Bwana Mifugo alikuwa na baiskeli, na sijawahi kumwona juu yake. Milima ya Gitting haipandiki kwa baiskeli, wala haishukiki bila breki, nayo haikuwa na breki. Watu walimcheka. "Bwana Mifugo, huyo mgonjwa unampeleka wapi?" Alijibu, "Huyu ni mzima. Hamwoni anatembea mwenyewe?" Kwenye keria alifunga sanduku la dawa na pampu ya kunyunyizia ng'ombe. Kisha alimwita kijana mmoja, wa kike au wa kiume, akamwambia ashike mkono mmoja wa usukani. Yeye alishika mwingine. Walikwenda hivyo kutwa nzima, nyumba hadi nyumba, baiskeli ikiwa katikati yao, macho ya wote wawili yakiwa kwenye njia.

Nilichelewa sana kuelewa kazi ya ile baiskeli. Huku kwetu mtoto akitazamwa usoni na mkubwa hutazama chini na kusema ndiyo. Hata ukimuuliza kama amekufa atasema ndiyo. Lakini watu wawili wakisukuma kitu kizito pamoja, kila mmoja akiangalia mawe yaliyo mbele yake, maneno hutoka bila kuvutwa. Tena wote tuliwaona. Walipita barabarani, mchana, mbele ya nyumba zetu, na hakuna aliyeweza kusema wamejificha. Kumbuka hilo, maana nitalirudia.

Alichukua mmoja tu kwa siku. Wakija wawili alimwambia mmoja arudi kesho. "Mkiwa wawili," alisema, "mmoja atachekesha na mwingine atacheka, na jioni tutarudi sote kama tulivyotoka."

Kazi hiyo hakutumwa na mtu. Kazi yake ilikuwa josho, lile handaki la saruji kule bondeni, ambamo ng'ombe wa kijiji kizima walirukia kwenye maji ya dawa na kutokea upande wa pili wakiwa hawana kupe. Serikali ilileta dawa, sisi tukaleta ng'ombe. Kisha yakaja mambo ya soko huria, tukaambiwa kila mtu ajinunulie dawa dukani kama anavyonunua chumvi. Dawa ya josho haikuletwa tena. Mabati ya paa yakaondoka moja moja, lango la mbao likaondoka, likabaki handaki lenye kina kumpita mtu, nayo mvua ikalijaza maji ya kijani. Bwana Mifugo aliandika barua wilayani ili lifukiwe. Hakujibiwa. Basi kila Jumatatu alikata matawi ya miiba kwa panga lake mwenyewe na kuziba pale palipokuwa na lango. Mikono yake haikukosa mikwaruzo. Ukimpa uji aliupokea kwa mikono iliyochanika kama ya mtoto aliyetoka kuiba matunda.

Jambo jingine: hakuwauliza vijana habari. Kijana alimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanyamaza. Sisi wengine huendelea, habari za nyumbani, habari za shamba, habari za ng'ombe, na kila jibu ni nzuri hata kama nyumbani kuna maiti. Yeye alisema kwamba swali lenye jibu moja halifai kuulizwa. Aliwauliza vijana kama alivyowauliza wenye ng'ombe: Umekula? Umelala? Umelalia upande gani? Unacheua nini? "Ng'ombe akiacha kucheua, huyo mgonjwa," alisema. "Mtu ni kinyume. Akianza kurudisha jambo lile lile mdomoni kila siku, ndipo mimi naenda kumtazama." Akishauliza alingoja. Nimemwona akimngojea ndama aliyegoma kusimama, tangu asubuhi mpaka jua la utosi, bila fimbo, bila kumsokota mkia. Mimi ningekuwa nimemsokota mara kumi.

Jirani yetu wa bondeni alikuwa na kijana aliyerudi kutoka machimboni akiwa amevunjika, si mifupa. Alikuwa ameona wenzake wakifukiwa. Alikaa akitazama ukuta, hakula, na mara mbili alisema haoni sababu ya kuendelea kuishi. Baba yake alimpiga, akampeleka kuombewa, akampiga tena. Bwana Mifugo alikuja akasema anahitaji mtu wa kupiga pampu. Kijana alipiga pampu miezi miwili. Siku moja kwenye mashine ya kusaga, wanawake na wazee wakiwa wamepanga foleni na magunia yao, yule baba alimkabili mbele yetu sote.

"Mwanangu anakuambia nini huko njiani?"

"Mengi."

"Nitajie moja."

"Anasema uji wa kwenu unanuka moshi."

Tulicheka. Mzee hakucheka. "Mimi ni baba yake. Nina haki ya kujua."

"Haki unayo, mzee wangu. Basi muulize."

"Hanijibu."

"Umemuuliza mara ngapi?"

Mzee alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, hilo namsifu. "Mara moja," akasema, "na fimbo."

Mashine nzima iliangua kicheko, nami nilicheka kuliko wengine, kwa sababu mtoto hakuwa wangu. Kijana yule leo ana watoto wanne na analima ngano upande wa Nangwa. Aliyoyasema akisukuma baiskeli hakuna anayeyajua mpaka sasa. Wengi waliona jambo hilo kuwa ni dharau. Mgeni anakusanya siri za watoto wetu, walisema, na hazitoi. Mzee mmoja alimtania mnadani, "Bwana Mifugo, siku hizi unachanja watu?" Akajibu, "Ninyi siwezi kuwachanja, mzee. Sindano inapinda."

Usimwandike kama malaika, hata hivyo. Hakuwa mtaalamu mkubwa wa ng'ombe. Jike langu jekundu alisema limevimbiwa, akalinywesha mafuta, na kesho yake likafa kwa ugonjwa mwingine kabisa. Aliniomba radhi, kisha akanikataza kula nyama, hivyo nilikosa ng'ombe na nyama katika siku moja. Alichelewa kila mahali. Aliwakatiza wazee maneno, kosa kubwa huku kwetu, na mbele ya mwenyekiti wa kijiji aliketi kabla hajakaribishwa. Upole wote aliokuwa nao aliwapa wenye miaka kumi na miwili hadi ishirini. Sisi wengine tulipewa makombo.

Tena alikuwa na mtoto wa kiume huko kwao, aliyelelewa na bibi yake. Wakati tungali tukiongea vizuri, alikuwa akinishonea kidonda cha mbuzi, nikamchokoza. "Na wako mwenyewe, utamsukumia baiskeli lini?"

Hakuinua macho. "Wangu haniamkii, mama," akasema. "Nilijifunza kazi hii nikiwa nimeshachelewa."

Sikumhurumia. Niliyaweka maneno yale mahali ambapo ningeweza kuyapata nikiyahitaji.

Sasa niandikie kifo cha mjomba wako. Alikuwa mtoto wangu wa kwanza, ana miaka kumi na tisa, hajaoa. Alikufa joshoni siku ya mnada wa Katesh. Yeye na mama yako walipeleka ndama kunywa maji, ndama mmoja akateleza, mjomba wako akashuka kumvuta. Saruji ilikuwa na utelezi wa miaka. Alimsukuma ndama mpaka kwenye ngazi za upande wa pili, ndama akatoka, lakini yeye mwenyewe hakutoka. Mama yako alikuwa juu ameshika kamba fupi. Alikuja mbio kuniita, kisha akakimbilia kwa majirani.

Watu walipokusanyika na kumtoa, mwenyekiti aliuliza lango lilikuwa limezibwa na nini. Nilijibu mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. "Halikuzibwa. Hapakuwa na hata mwiba mmoja. Bwana Mifugo ameacha shimo wazi limuue mwanangu." Na hapo ndipo nilipolitaja jina lake lote, la kwake na la baba yake, mbele ya umati. Mama yako alisimama kando yangu. Alinitazama. Tangu dakika hiyo hakusema neno kwa wiki tisa.

Sasa andika polepole.

Miiba ilikuwepo. Asubuhi ile nilikuwa na haraka ya mnada, na chemchemi iko mbali. Niliwaambia wakanyweshe joshoni. Mama yako alisema, "Mama, Bwana Mifugo amekataza." Nilimwambia, "Bwana Mifugo ndiye anayekulisha? Ondoeni miiba, mkimaliza rudisheni." Aliiondoa yeye, kwa mikono yake, kwa amri yangu. Aliponiita nikafika joshoni wa kwanza, niliiona imepangwa vizuri kando, tayari kurudishwa. Niliikokota nikaitupa korongoni. Mama yako alikuwa akirudi na majirani, na kwa kuwa alikimbia kuliko wao, aliniona. Mwanangu alikuwa majini, na mimi nilikuwa natupa miiba. Alikuwa ameshakufa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kila siku tangu siku hiyo, na hakuna wa kunithibitishia.

Kwa mila yetu, nyumba iliyofiwa na kijana hutengwa. Kanisa halipendi, lakini sisi wa zamani tuliishika. Ng'ombe wenu huchungwa peke yao, maji mnachota peke yenu, hakuna jirani anayeingia wala ninyi hamtoki, mpaka wazee waseme imetosha. Babu yako alikuwa amepunguzwa kazi kwenye mashamba makubwa ya ngano, akakaa nyuma ya nyumba na pombe yake, wala hakuuliza kitu. Watu wengi huuona utengo huo kuwa ni mzigo. Mimi niliupokea kama baraka. Nyumba iliyotengwa haiulizwi maswali.

Bwana Mifugo hakuwa mtu wa mila yetu, kwa hiyo utengo haukumfunga. Wiki ya pili alikuja, akailaza baiskeli nje ya ua wetu wa minyaa, akaamkia. Sikuitikia.

"Nimesikia yule ndama ameumia mguu," akasema. "Naomba mtu wa kumshika kichwa."

"Hapa hapana mtu."

"Basi nitamngoja huyo asiyekuwepo."

Aliketi juu ya jiwe. Mtu ambaye nilikuwa nimemtangaza muuaji aliketi nje ya ua wangu na kofia magotini, mpaka mama yako alipotoka nyuma ya nyumba akimvuta yule ndama kwa kamba. Walikaa hivyo, yeye nje, mama yako ndani, ndama katikati kwenye uwazi wa ua. Alisafisha kidonda, akafunga, akaondoka. Alirudi kila Alhamisi. Mguu ule ungepona kwa wiki tatu. Aliutibu wiki tisa.

Nilikuwa jikoni nakoroga ugali siku niliyoisikia sauti ya mwanangu. Maneno sikuyapata, sauti tu, ya chini, ikienda na kusimama. Mama mwingine angepiga magoti kumshukuru Mungu. Mimi niliacha mwiko ndani ya sufuria nikasimama nyuma ya mlango nikijitahidi kusikia. Nilifikiri: amekuja kuchukua ushahidi. Anamlainisha mtoto ili ajisafishe. Sikuweza kuwaza kwamba mtu anaweza kumsikiliza mtoto bila kutaka kitu, kwa sababu mimi sikuwahi.

Wazee waliposema utengo umekwisha, nilimwachilia kila mtu ila mama yako. Nilisema yeye alikuwepo pale, kwa hiyo bado. Hakuna mila inayosema hivyo. Niliitunga. Nilimfungia miezi miwili zaidi ndani ya ua, mpaka mwalimu wake alipokuja kumdai. Alipotoka, Jumamosi ya kwanza alishika mkono mmoja wa ile baiskeli. Alianza kula. Siku moja nilimsikia akiimba akifua. Mtoto wangu alikuwa anarudi, na kila hatua aliyorudi ilinitisha zaidi.

Ndipo nilipokwenda kwa mwenyekiti. Sikusema uongo, mjukuu wangu. Mtu mwenye akili mbaya hahitaji uongo. Niliuliza tu, "Mwanamume mzima na msichana wa miaka kumi na minne wanaongea nini kutwa nzima?" Nikakaa kimya, nikawaacha watu wajijibu. Baiskeli ilikuwa katikati. Njia ilikuwa wazi. Wote waliwaona, nami niliwaona kuliko wote, na moyoni sikuwa na shaka naye hata kidogo.

Waliitisha mkutano. Mwenyekiti alimuuliza, "Huyu binti anakuambia nini?"

"Hayo ni yake."

"Ukikataa kusema, watu watafikiri vibaya."

"Nikisema, yeye atafikiri vibaya. Ninyi mko wengi, mtavumilia."

Wazee waliguna. Nikasimama nikatumia yale niliyokuwa nimeyaweka. Nilisema, "Mnamwamini vipi na watoto wenu mtu ambaye hata mwanawe wa kumzaa hamwamkii?" Alinigeukia, akanitazama kwa muda, akavaa kofia yake. Walimpiga marufuku kutembea na kijana yeyote. Kuanzia siku hiyo aliisukuma baiskeli peke yake, mikono miwili, na kila aliponikuta aliniamkia. Baadaye wilaya yetu iliondolewa mkoa wa Arusha, ukaundwa mkoa wetu wa Manyara, ofisi zikafunguliwa Babati, watumishi wakahamishwa huku na huku, naye akaondoka na lori lililobeba viti vya ofisi.

Baada yake hakuna aliyewachukua vijana wetu mmoja mmoja. Mwaka mmoja walikuja wageni na karatasi, wakawaweka vijana arobaini darasani, wakawauliza wote kwa pamoja kama wana huzuni. Walijibu hapana, kwa sauti moja. Wageni wakaandika, wakala wali, wakaenda.

Mama yako aliyapata ya mkutano kwa wenzake. Hakulia. Alirudi kwenye ukimya, lakini safari hii ulikuwa ukimya wenye adabu, na huo ni mbaya zaidi. Alimaliza shule, akaenda Babati kujifunza ushonaji, akaolewa huko, akakuzaa wewe. Unajua anavyokuja. Shikamoo, mama. Marahaba. Habari za huku? Nzuri. Habari za huko? Nzuri. Ananiletea kitenge na sukari, ananifulia mablanketi, anaondoka. Miaka zaidi ya ishirini hatujavuka hapo, na wewe ulifikiri ndivyo mama na binti wanavyoishi.

Mwezi uliopita nilikwenda Katesh kutafuta dawa ya minyoo ya mbuzi. Niliingia duka la dawa za mifugo nyuma ya soko, nikamwambia muuzaji ninachotaka. Alikuwa mzee, macho yameingia ukungu, akipapasa chupa kwa vidole ili azitambue. Aliposikia sauti yangu aliacha kupapasa.

"Shikamoo, mama," akasema.

Wateja wawili walikuwa nyuma yangu. Nilisimama muda mrefu hata mmoja akakohoa.

"Marahaba," nikasema.

Hakuuliza habari. Alinyamaza tu, uso wake umeelekea mlangoni, mikono juu ya meza. Wale wateja waliona mambo hayaendi wakatoka. Nilijua anachofanya. Nilikuwa nimemwona akimfanyia ndama.

"Miiba uliiweka," nikasema.

"Niliiweka."

"Ulijua kwamba niliitupa."

"Niliiona korongoni siku ile ile. Nilikuwa nimeikata Jumatatu, majani yalikuwa hayajanyauka."

"Kwa nini hukujitetea?"

"Ningemleta nani? Shahidi alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amefiwa na kaka yake. Ulitaka nimsimamishe mbele ya watu achague kati ya kazi yangu na mama yake?"

Nilishika ukingo wa meza. "Alikuambia?"

"Aliyoniambia ni yake."

"Miaka ishirini imepita, Bwana Mifugo."

"Bado ni yake. Muulize."

"Hanijibu."

"Umemuuliza mara ngapi?"

Nilikumbuka mashine ya kusaga, na magunia, na jinsi nilivyocheka. Yule mzee wa bondeni alikuwa na mara moja, na fimbo. Mimi sikuwa hata na hiyo moja.

Alinifungia dawa katika gazeti. Akanieleza mbuzi mkubwa apewe kiasi gani na mwenye mimba asipewe kabisa. Nikamuuliza kama mwanawe anamwamkia siku hizi. "Bado," akasema, akanirudishia chenji kwa kuipapasa. Hatukuombana msamaha. Wengine wangeombana.

Nimemaliza. Mama yako anakuja Jumamosi. Atasema shikamoo, nami nitaitikia, na sitamuuliza habari. Utakaa pale kwenye kigoda cha jikoni. Yeye atakuwa anachambua maharage, nami nitakuwa nachambua upande wa pili wa ungo, ili asilazimike kunitazama. Utamsomea haya yote kama ulivyoyaandika. Akinyamaza, na wewe nyamaza, usimjazie maneno. Akiondoka, mwache aondoke. Ila ukifika penye miiba, usishushe sauti.